Kufasiri Nasaba: Samuel Lincoln wa Hingham na Istilahi za Ukoo

Miongoni mwa hati ambazo mfasiri huzipokea kwa moyo mwepesi na kuzirudisha kwa jasho ni hati za nasaba. Kwa kuzitazama juu juu, huonekana kuwa ni orodha tu ya majina na tarehe: fulani alimzaa fulani, akahamia mahali fulani, akafa mwaka fulani. Hamna ndani yake falsafa ya kumbabaisha mtu wala istilahi za kisayansi za kumtisha. Lakini kila neno la ujamaa lililomo katika orodha hiyo ni dai. Ladai kwamba watu wawili wameungana kwa njia moja na si kwa njia nyingine, na dai hilo lina matokeo yake mahakamani, katika ofisi za ardhi na katika madaftari ya serikali.

Niliwahi kuonyeshwa hati ya mirathi iliyofasiriwa kutoka Kiingereza katika ofisi moja ambayo si lazima niitaje. Marehemu hakuacha mtoto, na mdai alikuwa ndugu wa baba yake. Mfasiri, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa ndugu wa baba na kwa ndugu wa mama, aliandika "mjomba". Wajuao sheria ya mirathi ya Kiislamu watatambua mara moja uzito wa kosa hilo. Ami yumo katika asaba, na aweza kurithi pasipokuwa na wa karibu zaidi. Mjomba ni katika jamaa wanaofikiriwa baadaye sana. Kwa neno moja mtu yule alitolewa katika ukoo wa baba akatiwa katika ukoo wa mama, na shauri likaahirishwa mpaka hati ifasiriwe upya. Mfasiri hakudanganya. Alichagua tu neno lenye habari zaidi kuliko neno alilolikuta, na habari yenyewe akaibuni.

Ili kuyachunguza matatizo ya namna hii nimechagua nasaba moja iliyokwisha kuandikwa sana, ambayo hati zake zimejadiliwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni nasaba ya Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani, kuanzia kwa mhenga wake Mwingereza, Samuel Lincoln, aliyevuka bahari mwaka 1637. Sababu nyingine ya kuichagua ni kwamba Rais huyo mwenyewe aliitafuta nasaba yake asiipate, na namna alivyoieleza hali hiyo yafaa kuwa somo kwa kila mtu anayeshika kalamu.

Kwanza tuutazame mnyororo wenyewe. Samuel alibatizwa katika mji wa Hingham, jimbo la Norfolk, Uingereza, mwaka 1622, akafa mwaka 1690 katika mji mwingine uitwao Hingham, huu wa Massachusetts, uliopewa jina hilo na watu waliotoka Norfolk. Mwanawe Mordecai, mhunzi, alizaliwa mwaka 1657 na kufa mwaka 1727. Huyu alimzaa Mordecai wa pili, aliyeishi kati ya mwaka 1686 na 1736, akahamia New Jersey na kisha Pennsylvania. Mordecai wa pili alimzaa John, aliyezaliwa mwaka 1716, ambaye alihamia Virginia mwaka 1768 na kufia huko mwaka 1788. John alimzaa Abraham, mwaka 1744, ambaye hutajwa kwa cheo chake cha kapteni ili asichanganywe na mjukuu wake. Kapteni Abraham alihamia Kentucky, akauawa shambani mwake mwaka 1786. Mwanawe Thomas alizaliwa mwaka 1778 na kufa mwaka 1851, naye ndiye baba wa Abraham aliyezaliwa mwaka 1809, akawa Rais mwaka 1861, na kuuawa mwaka 1865.

Sasa mfasiri aulizwe: Samuel ni nani kwa Rais? Kiingereza hujibu kwa kulikariri neno moja la ukuu mbele ya neno "babu" mara nne, na laweza kukaririwa mara kumi pasiwe na mwisho. Kiswahili hakina desturi hiyo. Juu ya baba tuna babu, na juu ya babu tunaanza kuunga maneno: baba wa babu, babu mzaa babu, au twasema kwa ujumla mababu, wahenga, jadi. Baadhi ya wafasiri wamejaribu "babu mkuu", "babu mkuu mkuu" na kuendelea. Mimi siwezi kuikubali namna hii. Msikilizaji wa Kiswahili asikiapo "babu mkuu" humfikiria mzee mwenye cheo katika ukoo, au mkubwa kwa umri miongoni mwa mababu, hahesabu ngazi.

Lakini tukigeuka tukatazama chini badala ya juu, mambo hubadilika kabisa. Hapo Kiswahili ni tajiri kuliko Kiingereza. Tuna mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza, maneno matano yaliyo kamili, kila moja likisimama peke yake pasipo kuhitaji msaada. Mordecai wa kwanza ni mwana wa Samuel. Mordecai wa pili ni mjukuu. John ni kitukuu. Kapteni Abraham ni kilembwe. Thomas ni kilembwekeza. Ngazi ya Kiswahili yaishia kwa Thomas, na Rais amesimama hatua moja chini ya ngazi ya mwisho. Yeye ni mwana wa kilembwekeza wa Samuel, na hivyo ndivyo ninavyopendekeza aitwe, bila kubuni neno. (Yapo maeneo ambako majina ya ngazi za mwisho hupishana, na neno kining'ina laweza kusikika mahali pa mojawapo ya hayo. Kwa sababu hiyo mfasiri wa hati rasmi afanye vema kueleza mwanzoni mwa tafsiri yake kila neno lasimamia ngazi ipi.)

Hivyo jawabu la kwanza ni la mwelekeo. Hati ya Kiingereza husimama kwa mjukuu na kutazama juu. Kiswahili hupenda kusimama kwa mzee na kutazama chini. Mfasiri mwenye busara huigeuza sentensi. Mahali palipoandikwa kwamba Samuel alikuwa babu wa ngazi kadhaa wa Rais, yeye ataandika kwamba Rais alikuwa mwana wa kilembwekeza wa Samuel. Maana ni ile ile, na msomaji hahitaji kuhesabu kwa vidole.

Hapa inafaa kuonya juu ya neno "kizazi". Waandishi wa nasaba wa Marekani wana desturi ya kumhesabu mhamiaji mwenyewe kuwa kizazi cha kwanza. Kwa hesabu hiyo Rais ni kizazi cha 7, ingawa kati yake na Samuel mna hatua 6 tu. Atakayefasiri kwa haraka huandika "vizazi saba baada ya Samuel", akawa ameongeza mtu asiyekuwapo. Napendekeza "kizazi" kitumike kwa kuhesabu watu katika safu, na "hatua" itumike kwa kuhesabu umbali kati yao. Kadhalika tujihadhari na neno "mzawa", ambalo katika matumizi ya siku hizi limekwisha kuelekea maana ya mwenyeji wa nchi. Kwa mtu atokanaye na mwingine, "mzao", na kwa wengi "wazao", ni maneno mepesi na ya zamani.

Niseme jambo moja pia juu ya ule mchoro wenye majina na mistari. Wengi sasa huuita "mti wa ukoo", na sina ugomvi nao, maana Kiswahili kina shina, tawi na chipukizi katika habari za ukoo tangu zamani. Ila koo nyingi za pwani zilikuwa na neno lao, shajara, nalo kwa asili yake ya Kiarabu ni huo huo mti. Bahati mbaya shuleni "shajara" imekwisha kupewa kazi ya kitabu cha kumbukumbu za kila siku. Atakaye kulitumia katika maana ya kwanza aseme "shajara ya nasaba", hatakosewa.

Nirudi kwa Rais na utafutaji wake. Mwezi wa Machi mwaka 1848, alipokuwa mjumbe wa Bunge la Marekani, Abraham Lincoln aliandikiana barua na Solomon Lincoln wa Hingham, Massachusetts, mtu aliyekuwa ameandika historia ya mji huo na aliyetaka kujua kama wana uhusiano. Lincoln alimweleza jina la baba yake na la babu yake, na habari kwamba ukoo ulipata kukaa Virginia na kabla yake Pennsylvania. Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema. Mwaka huo huo alimwandikia Lincoln mwingine wa kaunti ya Rockingham, Virginia, akijaribu kuunganisha. Miaka 11 baadaye, Desemba 1859, alipoandika maelezo mafupi ya maisha yake kwa ajili ya rafiki yake Jesse Fell, aliligusa jambo hilo tena. Alieleza kwamba jaribio la kuutambua ukoo wake kuwa ni mmoja na ule wa New England lilikuwa halijafikia kitu chochote cha hakika isipokuwa kufanana kwa majina ya ubatizo, kama vile Enoch, Levi, Mordecai, Solomon na Abraham.

Mtu huyu alikuwa mwanasheria. Alikuwa na kila sababu ya kupenda kujiunga na ukoo wa New England, uliokwisha kutoa magavana na waziri, na majina yenyewe yalikuwa kama yanamwita. Mordecai si jina linalookotwa njiani. Hata hivyo aliandika kile tu alichokuwa na ushahidi nacho. Leo twajua kwamba ulinganifu ule wa majina ulikuwa dalili ya kweli. Jina la Abraham liliingia katika ukoo kwa sababu Mordecai wa kwanza alimwoa Sarah, binti ya Abraham Jones, na tangu hapo likarithiwa. Lakini dalili ilipaswa kungoja hati. Kazi kubwa za J. Henry Lea na J. R. Hutchinson, mwaka 1909, na ya Waldo Lincoln, mwaka 1923, ndizo zilizozikusanya hati hizo na kuyaunganisha mapande kwa wosia na karatasi za ardhi. Mathalani, wosia wa Mordecai wa pili wa mwaka 1736 ndio unaomtaja mwanawe John na ardhi ya New Jersey, na pasipo kiungo hicho Lincoln wa Virginia asingeweza kufungwa na Lincoln wa Massachusetts.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa hapa, nasikitika kuona vinachanganywa. "Kunasibisha" ni kumweka mtu katika ukoo kwa dai, kwa sifa au kwa dhana. "Kuthibitisha nasaba" ni kumweka kwa ushahidi. Lincoln mwaka 1859 alinasibishwa na Samuel. Mwaka 1923 nasaba yake ilikuwa imekwisha kuthibitishwa. Mfasiri atakayeandika "ilijulikana kuwa" katika hali zote mbili ameifuta historia yote ya utafutaji ule.

Na hata mjukuu mwenyewe si shahidi wa kutosha. Katika maelezo yake ya mwaka 1859 Lincoln alidhani kuwa babu yake alihamia Kentucky mwaka 1781 au 1782, na kwamba aliuawa mwaka mmoja au miwili baadaye. Kumbe Kapteni Abraham alikuwa hai mpaka mwaka 1786. Jambo hili lilikuwa limetokea mbele ya macho ya Thomas, baba wa msimulizi, naye alikuwa mtoto mdogo.

Tukiendelea kupanda tunafika kwenye hati inayompendeza kila mtu, nayo ni daftari la bandari ya Great Yarmouth la Aprili 8, 1637. Humo ameandikwa Francis Lawes, mfumaji wa Norwich, pamoja na mkewe, mtoto wao, na watumishi wawili waombao ruhusa ya kwenda New England. Mmoja wa watumishi ni Samuel, jina la ukoo likiandikwa "Lincorne", umri miaka 18. Katika mistari hii michache mfasiri ana mitego mitatu.

Wa kwanza ni neno "mtumishi". Kwa Waingereza wa zama hizo neno lao lilimhusu mtu yeyote aliyekaa katika nyumba ya mwingine kwa mapatano ya kazi, na mara nyingi alikuwa kijana anayejifunza ufundi. Samuel alikuwa akijifunza ufumaji. Neno letu "mwanagenzi" lafaa sana katika maelezo ya historia. Lakini katika tafsiri ya daftari lenyewe tuandike "mtumishi" kama lilivyo, na "mwanagenzi" libaki katika tanbihi. Asilani tusiandike "mtumwa", wala tusiliingize neno "boi", ambalo msomaji wetu analifahamu kutoka katika nyumba nyingine kabisa.

Wa pili ni umri. Kama Samuel alibatizwa Agosti 1622, Aprili 1637 alikuwa na miaka 14 au karibu yake, si 18. Wapo waliodhani kuwa aliongeza umri ili aruhusiwe kusafiri. Lakini mfasiri si mwamuzi. Tena aangalie kwamba daftari la kanisa hutaja ubatizo, nao si uzazi. Mtoto aweza kubatizwa siku tatu baada ya kuzaliwa, aweza pia kubatizwa baada ya miaka. Mahali palipoandikwa "alibatizwa", tafsiri iseme "alibatizwa", hata kama fomu tunayoijaza ina nafasi ya tarehe ya kuzaliwa tu. Fomu na iachwe wazi.

Wa tatu ni tahajia. Lincorne, Linkhorn, Lincoln: jina ni moja. Hati ya ardhi ya Kentucky ya mwaka 1780 yampa Kapteni Abraham ekari 400 kwa jina la Abraham Linkhorn. Karani aliandika alichosikia, kama makarani wetu walivyoandika majina ya watu wetu katika vyeti, kila mmoja kwa sikio lake. Kusahihisha jina ndani ya tafsiri ni kuharibu ushahidi, kwa sababu huenda tahajia ndiyo itakayomwongoza mtafutaji kwenye daftari jingine.

Huyu Samuel aliyesimama bandarini tumwite nani? Twayo maneno kadhaa, na kila moja limesimama upande mmoja wa bahari. Akiondoka Yarmouth yeye ni mhajiri, mtu aiachaye nchi yake. Akifika Massachusetts ni mhamiaji, maana kiambishi kile cha kutendea kinamtazama kutoka mahali anapofikia. Na kwa wenyeji wa asili wa pwani ile, ambao walikuwa na mashamba na vijiji kabla ya Hingham mpya kupimwa, yeye ni mlowezi. Waandishi wa nasaba za Marekani hupenda neno la pili, na mfasiri wa maandishi yao hana budi kuwafuata. Ila asijidanganye kuwa neno hilo halina upande. Kapteni Abraham aliuawa mwaka 1786 na watu waliokuwa wakiipigania ardhi yao, na ekari zile 400 alizokuwa akizilima zilitolewa kwa hati ya serikali ya Virginia, si kwa ridhaa yao. Mwandishi wa Kiswahili anayetunga makala yake mwenyewe, si kufasiri, aweza kabisa kumwita mlowezi, nami nisingemlaumu.

Tarehe nazo zina fitina yake. Mpaka mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walianza mwaka tarehe 25 Machi. Kwa hiyo siku za Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilihesabiwa katika mwaka uliotangulia, na waandishi waangalifu waliziandika kwa miaka miwili, kama 1686/7. Mkwaju ule usifutwe. Tena, katika hati za baadhi ya madhehebu yao, "mwezi wa kwanza" ni Machi, na hivyo "mwezi wa sita" ni Agosti. Kwa Mswahili asiyejihadhari huu ni mtego mkubwa, kwa sababu sisi nasi huitaja miezi kwa namba, na "mwezi wa sita" kwetu ni Juni. Yule aliyekulia pwani, akahesabu Mfungo Mosi kuanzia baada ya Ramadhani na ilhali mwaka wa Hijra waanza Muharam, hatashangaa hata kidogo kuwa watu waweza kuwa na mwanzo wa mwaka mmoja na mwanzo wa hesabu mwingine. Mwaka 1752 wenyewe ulipunguzwa siku: baada ya Septemba 2 ilifuata Septemba 14.

Katika Hingham ya Massachusetts ya karne ya 17 walikuwapo watu wanne walioitwa Thomas Lincoln. Wenzao waliwapambanua kwa kazi zao: Thomas msagaji, Thomas mtengeneza mapipa, Thomas mkulima na Thomas mfumaji. Huyu wa mwisho ndiye ndugu yake Samuel. Hapa majina ya kazi si sifa ya ziada, ni sehemu ya utambulisho, na yasipofasiriwa kwa uangalifu ule ule wanne huwa mtu mmoja mwenye shughuli nyingi. Vile vile, maneno ya Kiingereza yanayoongezwa baada ya jina kuonyesha mkubwa na mdogo hayakuwa na maana ya baba na mwana siku zote. Mara nyingi yalionyesha tu kwamba katika mji ule wako wawili wa jina moja, mmoja akiwa amemzidi mwenzake umri. Tuyafasiri "mkubwa" na "mdogo", tusiongeze "baba" wala "mwana".

Nimefika kwenye neno lililoharibu tafsiri nyingi kuliko yote, "binamu". Asili yake ni mtoto wa kiume wa ami. Matumizi ya kawaida yamelipanua mpaka kwa watoto wa mjomba na wa shangazi, na sasa limepachikwa kila mahali Kiingereza kinapotaja jamaa wa mbali. Katika hati za karne ya 17 neno hilo la Kiingereza laweza kuwa hata mtoto wa ndugu. Basi tufanyeje? Nadhani dawa imo katika ngazi yetu ya kushuka. Tuchukue mfano. Mordecai wa pili alikuwa na wana kwa wake wawili. Kwa mke wa kwanza alimpata John. Kwa wa pili alipata, pamoja na wengine, mtoto aliyezaliwa baada ya baba kufa mwaka 1736, naye aliitwa Abraham. Hawa ni ndugu wa baba mmoja. Watoto wao, akiwemo Kapteni Abraham, ni watoto wa ndugu wawili. Thomas kwa upande mmoja, na wajukuu wa yule Abraham kwa upande wa pili, ni wajukuu wa ndugu wawili. Rais na wale wa ngazi yake ni vitukuu wa ndugu wawili. Na kama ngazi hazilingani twasema hivyo hivyo: huyu ni mtoto wa ndugu mmoja, yule ni mjukuu wa ndugu wa pili. Kiingereza kina maneno ya hesabu na ya kusogezwa ambayo wenyewe Waingereza huyakosea, sisi hatuyahitaji.

Msomaji ameona pia kwamba Kapteni Abraham, wa mwaka 1744, alikuwa na ami aitwaye Abraham, aliyemzidi miaka minane tu. Atakayekuta "Abraham Lincoln wa Pennsylvania" katika hati ya miaka ya 1760 asikimbilie kumwandika kuwa babu wa Rais.

Neno la Kiingereza la karne hizo lililofanana na "mkwe" nalo ni la kuogopwa. Mara nyingi lilimhusu mtu wa kambo. Mama aliyetajwa hivyo katika wosia wa mwaka 1650 aweza kuwa mke wa pili wa baba, wala si mama wa mke. Ikiwa hati yenyewe haitoi dalili, tanbihi ni lazima.

Mpaka hapa nimefuata jina la Lincoln, yaani kuumeni. Kukeni kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mwanamke hubadili jina aolewapo na hati humsahau. Nancy Hanks, mama wa Rais, aliolewa na Thomas Juni 12, 1806. Kumbukumbu ya ndoa hiyo ilitafutwa katika kaunti ya Hardin, Kentucky, ambako Thomas alikuwa akikaa, nayo haikuonekana, na maadui wa Lincoln wakapata la kunong'ona juu ya uhalali wa kuzaliwa kwake. Hati ilikuwa imelala salama katika kaunti ya Washington, mahali ndoa ilipofungwa. Ilipopatikana Lincoln alikuwa amekwisha kufa. Ofisi moja ya kaunti, kwa kukosewa na watafutaji, ilimwacha mtu na doa maisha yake yote. Kwa hiyo, karani aandikapo "hakuna kumbukumbu", namwomba aandike "haikuonekana katika daftari la ofisi hii".

Mama wa Nancy naye alibishaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi ambazo hupita kwa mama peke yake, uliothibitisha kuwa alikuwa Lucy Hanks. Uchunguzi wa aina hii umeleta haja ya istilahi mpya, na tayari nimeona "nasaba ya kukeni" ikitumika. Haitoshi. Kukeni ni upande wote wa mama, pamoja na baba yake mama na ndugu zake. Chembe hizo hazimfuati baba wa mama hata hatua moja. Hufuata mama, mama wa mama, na mama wa huyo, basi. Kiswahili husema "ndugu wa tumbo moja" kwa waliozaliwa na mama mmoja, na neno hilo limeshika mahali hasa panapotakiwa. Napendekeza "nasaba ya tumbo".